Maisha ya Mahjub bin Adam, Askari Aliyedai Mshahara Wake

Ndugu wasomaji wa gazeti letu, kila mwaka tarehe 25 Julai nchi yetu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Siku hiyo wakubwa wa nchi hukusanyika penye mnara. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na wengine huweka upinde na mshale na mashada ya maua. Tarumbeta hupigwa, na watu wote husimama kimya kuwakumbuka askari waliokufa. Hapa shuleni nasi tulisimama mstarini dakika moja, kisha tukaenda kunywa uji.

Shule yetu ina mlinzi wa usiku, mzee aliyepigana katika vita vya Kagera mwaka wa 1978 na 1979. Sisi wa bwenini twamjua kwa kikohozi chake na kurunzi yake, basi. Asubuhi ile alikuwa amesimama nyuma yetu karibu na lango, amevaa nishani juu ya koti lake la kazi. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mimi mwenyewe nilimpita kwa haraka kwa sababu ya foleni ya uji. Wiki ile ile mwalimu wetu wa Historia alitusimulia habari za mtu aitwaye Mahjub bin Adam, nami nikaona haya. Nikaenda maktaba, nikatafuta zaidi, na ndiyo sababu nimeomba nafasi katika gazeti hili niwasimulie maisha yake.

KUZALIWA NA KULELEWA KWAKE

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari, 1904. Wakati huo nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani, ambao wazee wengine waliwaita Wadachi. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, na asili yake ilikuwa Sudani. Jeshi hilo lilianza mwaka wa 1889, Hermann von Wissmann alipoletwa kuwapiga watu wa pwani waliomfuata Abushiri bin Salim. Kwa kuwa hakuwa na askari wa hapa, Wissmann aliajiri Wasudani kutoka Misri na vijana kutoka Msumbiji. Wasudani wengi walikaa, wakaoa, wakazaa, wakawa watu wa hapa. Baba yake Mahjub alipanda mpaka akawa efendi, cheo kikubwa kuliko vyote alivyoweza kupata Mwafrika katika jeshi lile. Neno hilo la Kituruki ndilo lililotupa neno afande, ambalo hata leo twawaitia askari wetu.

Mtoto Mahjub alijifunza Kijerumani tangu udogo wake. Kabla ya vita kuanza alikuwa amekwisha pata kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo huko Lindi, naye hajatimiza miaka kumi na mmoja. Sisi tuliofika Kidato cha Nne, na bado twalalamika tukipewa barua ya Kiingereza tuiandike upya, yafaa tumfikirie mtoto huyo na kalamu yake.

Lakini sitaki kuwaficha wasomaji jambo moja. Askari wa jeshi lile ndio waliotumwa kuwapiga babu zetu. Mahjub alikuwa na mwaka mmoja tu Vita vya Maji Maji vilipoanza Julai 1905, na katika vita vile maelfu kwa maelfu walikufa kwa risasi na zaidi kwa njaa, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa moto. Hapa Singida twamkumbuka Liti, mama wa Kinyaturu aliyepambana na Wajerumani, na ambaye wazee husimulia kwamba alitumia nyuki kuwafukuza. Uwanja wetu wa mpira umeitwa kwa jina lake. Kwa hiyo ninapoandika habari za Mahjub, naandika habari za mtoto wa askari waliokuwa upande wa pili wa Liti. Jambo hili nitalirudia mwishoni.

VITANI

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwezi wa Agosti 1914. Mahjub alikuwa na miaka kumi. Pamoja na baba yake aliandikwa katika jeshi la Wajerumani, ambalo mkuu wake alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Jeshi hilo lilipokuwa kubwa kuliko wakati wowote lilikuwa na Wajerumani wapatao 3,000 na askari Waafrika wapatao 11,000. Yaani kila Mjerumani mmoja alikuwa na Waafrika zaidi ya watatu nyuma yake, au tuseme mbele yake.

Vita hivyo havikuwa vyetu, lakini vilipiganwa katika nchi yetu, na hata huku kwetu vilifika. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Waingereza yalishuka kutoka Kondoa, yakaikamata reli ya kati. Yalichukua Dodoma, kisha yakachukua Kilimatinde, ambapo Wajerumani walikuwa na boma lao la siku nyingi. Leo Kilimatinde imo katika wilaya ya Manyoni, katika mkoa wetu huu. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka na ng'ombe wa watu, na wanaume wakachukuliwa kuwa wapagazi. Mvua ziliposhindwa kunyesha, watu hawakuwa na akiba. Ikaja njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, kati ya mwaka wa 1917 na 1920, na inakadiriwa kwamba Wagogo wapatao 30,000 walikufa. Watu hao hawakushika bunduki, wala hawana mnara.

Na hao wapagazi nao tusiwasahau. Magari hayakuweza kupita, na farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kwa hiyo risasi, chakula na dawa vilibebwa vichwani. Kwa upande wa Waingereza peke yao inakadiriwa kwamba wapagazi wapatao 95,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa. Jeshi lao la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na watu wa Dar es Salaam wakalitamka Kariakoo. Maelfu ya watu huenda sokoni Kariakoo kila siku kununua vitu, na wachache ndio wajuao kwamba wanataja jina la wapagazi wale.

Mwezi wa Oktoba 1917, kuanzia tarehe 15 hadi 18, kulikuwa na vita vikali sana huko Mahiwa, bara ya Lindi. Kwa upande wa Waingereza walikuwako askari wengi kutoka Nijeria. Kwa hiyo Waafrika wa magharibi na Waafrika wa mashariki waliuana kwa siku nne, kwa ugomvi wa wafalme wa Ulaya. Katika vita hivyo Mahjub alijeruhiwa, kisha Waingereza wakamchukua mateka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwa hesabu zetu za leo, mtoto wa namna hiyo yuko darasa la saba.

Lettow-Vorbeck hakukamatwa. Alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji, akarudi, na mwisho akaweka silaha chini tarehe 25 Novemba, 1918 huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, nchini Zambia. Askari Waafrika waliobaki naye walikuwa kiasi cha 1,100. Mwezi wa Machi 1919 yeye na maofisa wake waliingia Berlin. Alipanda farasi, akapita chini ya lango kubwa la mji ule, na watu walijaa barabarani kumshangilia. Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani ya hadharani. Lakini askari wenyewe hawakuwako kuisikia. Walikuwa wamebaki Afrika, wengi wao wakiwa na mshahara wa miezi mingi haujalipwa.

SAFARI YA BERLIN

Baada ya vita nchi yetu ilichukuliwa na Waingereza, ikaitwa Tanganyika. Mahjub alitafuta riziki baharini. Alifanya kazi ya utumishi katika meli, na mwaka wa 1925 alipata kazi ya kuandalia abiria chakula katika meli ya kampuni ya Wajerumani iliyosafiri kati ya Ulaya na Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1927, katika mji aliozaliwa, Waingereza walisimamisha sanamu ya shaba ya askari Mwafrika, ameinama kidogo, bunduki yenye singe mikononi. Wengi wetu tumeiona sanamu hiyo, ama kwa macho, ama katika picha. Iliwekwa mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann. Ilikuwa ni shukrani kwa Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo upande wa Waingereza. Waliokuwa upande wa Mahjub hawakuhusika nayo.

Mwaka wa 1929 Mahjub alifika Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, naye ni kijana wa miaka ishirini na mitano. Hakwenda kutembea. Alikwenda kudai mshahara wake wa vita na wa baba yake, ambao ulikuwa haujalipwa tangu siku zile. Aliupeleka mdai wake katika Wizara ya Mambo ya Nje. Wizara ikamjibu kwamba amechelewa, muda wa kudai umekwisha pita.

Nilipofika hapa katika kusoma, nilifunga kitabu kwanza. Mtu aliyekwenda vitani akiwa na miaka kumi hakuambiwa kwamba amewahi mno. Alipodai haki yake akiwa mtu mzima ndipo alipoambiwa kwamba amechelewa. Wazee husema dawa ya deni ni kulipa. Serikali ile iliona kuna dawa nyingine, nayo ni kutazama kalenda.

Mahjub hakurudi. Alikaa Berlin, na huko akajulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alipata kazi ya kuandalia wageni vinywaji katika Haus Vaterland, nyumba kubwa sana ya starehe, yenye kumbi nyingi, kila ukumbi umepambwa kwa mfano wa nchi fulani. Vile vile alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin. Wanafunzi wake wengine walikuwa watumishi wa serikali na polisi, maana Wajerumani wengi walikuwa na tamaa ya kurudishiwa makoloni yao. Mshahara wake chuoni ulikuwa mdogo. Hivyo lugha yetu hii, ambayo sisi twaisoma bila ya kuitia maanani, kwa Mahjub ilikuwa sehemu ya chakula chake.

Tarehe 27 Januari, 1933 alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Siku tatu baadaye Adolf Hitler akawa mkuu wa serikali ya Ujerumani. Mahjub alikuwa na mke, alipata watoto, na alikuwa na kazi mbili, lakini tangu siku ile kila kitu chake kilianza kulegea.

NISHANI

Mwaka wa 1934 serikali ya Ujerumani ilitoa nishani kwa wale wote waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Palikuwa na nishani maalumu ya wale waliokuwa mstari wa mbele. Mahjub aliomba apewe yake. Alikuwa amepigana, amejeruhiwa, amekaa kifungoni kwa adui. Ombi lake lilikataliwa.

Wakati huo huo vilikuwako vyama vya Wajerumani waliotaka makoloni yarudi. Vyama hivyo vilifanya maandamano na mikutano, na vilipenda sana kuwa na askari Mwafrika wa kuonyeshwa watu. Mahjub alialikwa, akaja amevaa sare ya askari, na kifuani ameweka nishani aliyojipatia mwenyewe. Ipo picha yake ya siku hizo. Amesimama wima kati ya Wajerumani na bendera zao, na mbele ya watu wote anaonekana kama askari anayepewa heshima.

Mambo haya mawili hapana budi tuyaweke pamoja. Mjini aliitwa asimame mbele ya watu, asifiwe kwa uaminifu wa askari. Ofisini, alipoomba kile kipande cha chuma ambacho wenzake weupe walipewa kwa kuandika barua tu, alinyimwa. Waliomsifu hadharani walikuwa hawamsifu yeye. Walikuwa wanajisifu wao, kwamba walikuwa mabwana wema hata mtumishi wao angali anawapenda. Shukrani ya punda ni mateke, lakini teke la punda walau halina maneno matamu kabla yake.

Nimejiuliza kwa nini Mahjub alikubali. Labda aliona akivaa sare watu watamheshimu, na serikali itaogopa kumdhuru. Labda alihitaji fedha. Na labda, nami naliona hili kuwa karibu na kweli, alikuwa anaitaka ile asante kwa moyo wake wote, hata akaona afadhali ajipe mwenyewe kuliko kuikosa. Tumhukumu polepole.

SINEMA

Mwaka wa 1935 alipoteza kazi yake ya Haus Vaterland. Kazi iliyobaki kwa watu weusi wa Berlin ilikuwa ni kuigiza katika sinema, na Mahjub aliigiza katika sinema zisizopungua ishirini na tatu. Mara nyingi alikuwa mpagazi, au mtumishi, au mtu mweusi aliyesimama nyuma ya wakubwa bila ya kusema neno. Alishiriki pia katika maonyesho ya Waafrika yaliyozungushwa katika miji ya Ujerumani.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka wa 1939, Mahjub aliomba kuingia tena jeshini. Alikataliwa. Mwili wake ulipotakiwa mwaka wa 1914 haukuwa na kasoro ya rangi, lakini sasa ulikuwa nayo.

Sehemu yake kubwa ya sinema aliipata katika filamu iitwayo Carl Peters, iliyotoka mwaka wa 1941, ambamo mwigizaji mkubwa alikuwa Hans Albers. Sisi tumesoma habari za Carl Peters. Ndiye aliyekuja mwaka wa 1884, akawatilisha watawala wa Usagara na majirani zao alama katika karatasi wasizozielewa, akasema nchi ni yake. Wazee walimwita Mkono wa Damu, na hata serikali ya Wajerumani yenyewe ilimfukuza kazi mwaka wa 1897 kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro. Katika filamu ile Peters alionyeshwa kuwa shujaa, na Mahjub alikuwa Ramasan, kiongozi wake mwaminifu wa safari. Hivyo mtoto wa Dar es Salaam alilipwa ili amsifu Mkono wa Damu.

KIFUNGO NA KUFA KWAKE

Tangu mwaka wa 1935 Ujerumani ilikuwa na sheria zilizokataza watu wa damu ya Kijerumani wasiwe na uhusiano na Wayahudi, na sheria hizo zilitumiwa juu ya watu weusi pia. Wakati wa kutengeneza filamu ile Mahjub alikuwa na uhusiano na mwanamke mwingine wa Kijerumani. Hakuwa malaika, wala sitaki kumfanya malaika, kwa kuwa alikuwa na mke nyumbani. Lakini kosa la ndoa ni kosa la mtu na mkewe. Serikali ilimkamata kwa sababu ya rangi yake.

Alikamatwa na polisi wa siri mwezi wa Agosti 1941. Hakupelekwa mahakamani. Hakuna hakimu aliyemsikiliza. Alipelekwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, mahali ambapo watu wengi walifungwa na kufanyishwa kazi, na maelfu waliuawa au kufa kwa njaa na maradhi. Yule aliyesimama katika maandamano yao kwa sare na bendera alivalishwa nguo za mfungwa. Hakuna hata kimoja cha vyama vile vya kupenda makoloni kilichomwokoa.

Alikaa humo zaidi ya miaka mitatu. Alikufa tarehe 24 Novemba, 1944, akiwa na miaka arobaini. Kambi ilikombolewa mwezi wa Aprili mwaka uliofuata. Alikosa miezi mitano tu.

BAADA YAKE

Mwaka wa 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee wa Afrika Mashariki waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walikuja na vipande vya sare kuukuu, na wengine mikono mitupu. Mtu wa fedha hakujua amwamini nani. Basi akampa kila mzee ufagio aushike kama bunduki, akamtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Yasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea, ingawa ilikuwa imepita miaka karibu hamsini. Wengi hucheka wanaposikia kisa hiki. Mimi nilicheka pia mwalimu alipotusimulia, kisha nikafikiri juu ya mzee wa miaka sabini aliyelazimika kucheza gwaride na ufagio ili aaminiwe. Mahjub hakuwako. Kwa mara ya kwanza alikuwa amewahi kudai, na kwa mara ya pili alikuwa amekwisha kufa.

Mwaka wa 2007 mwanachuo wa Kijerumani, Marianne Bechhaus-Gerst, alitoa kitabu cha maisha yake. Mwaka huo huo jiwe dogo lenye bamba la shaba nyeupe ya manjano lilitiwa chini katika njia ya waendao kwa miguu huko Berlin, katika mtaa wa Brunnenstraße, mbele ya nyumba namba 193, alipokuwa akikaa. Upana wa jiwe ni kama kiganja cha mkono. Anayetaka kulisoma hana budi kuinamisha kichwa.

MAFUNZO TUNAYOPATA

Ndugu wasomaji, huenda mwenzangu mmoja akasema kwamba mtu huyu hafai kuandikwa katika gazeti letu karibu na Siku ya Mashujaa, kwa kuwa alipigana upande wa waliotutawala, na baba yake alikuwa katika jeshi lililowapiga akina Liti. Nimelifikiri neno hilo siku nyingi. Nakubali kwamba Mahjub si shujaa wa Tanzania. Hakutetea nchi yetu. Shujaa wetu ni Liti, na ni wale waliokwenda Kagera. Lakini alikuwa mtoto wetu, alichukuliwa akiwa mdogo kuliko wanafunzi wa Kidato cha Kwanza, na deni lake ni deni la kweli. Kumwonea huruma Mahjub hakumpunguzii Liti heshima, wala hakuwanyang'anyi watu wa Manyoni haki ya kulia kwa ajili ya Mtunya.

Nililojifunza ni hili. Kumshukuru askari mbele ya watu ni jambo jema, lakini ni rahisi, na kwa kuwa ni rahisi huweza kutumiwa kuficha jambo gumu. Wajerumani walimshangilia Lettow-Vorbeck juu ya farasi, nao wana deni la askari. Walimvalisha Mahjub sare siku ya mkutano, wakamnyima nishani siku ya kazi. Anayetaka kujua kama shukrani ni ya kweli asitazame siku ya sherehe. Atazame siku ya pili yake, askari yule anapokwenda ofisini na karatasi yake mkononi, au anapopita kati ya watoto na hakuna anayemwamkia.

Nami sikutaka kuandika haya kisha nikaendelea kumpita mzee wetu wa langoni. Jumamosi moja, foleni ya uji ikiwa ndefu, nilimfuata pale alipokuwa anamaliza zamu yake. Nilimwamkia shikamoo, nikamshukuru kwa ajili ya Kagera, mbele ya wenzangu, kwa sauti. Sauti yangu ilitetemeka na wenzangu wengine walicheka. Mzee aliitikia marahaba, akanitazama kwa muda, akaniambia kwanza nichomekee shati. Kisha akanieleza kwamba nishani ile haivai ili atazamwe. Huivaa siku moja tu katika mwaka, kwa ajili ya wenzake wawili waliobaki kule, ambao wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilaya ya Muleba. Aliyataja majina yao, nami nimeyaandika katika daftari langu, wala sitayatoa hapa kwa kuwa si yangu kuyatoa.

Tangu siku ile wanafunzi kadhaa wa bweni letu humwamkia kila asubuhi. Katika baridi ya Julai mmoja wetu humpelekea kikombe cha uji kabla sisi hatujapanga foleni. Ni jambo dogo sana. Lakini naomba kwa heshima, kwa kupitia gazeti hili, kwamba tarehe 25 Julai ijayo, mimi nikiwa nimekwisha maliza shule, mzee huyo asisimame tena nyuma karibu na lango. Asimamishwe mbele ya mstari, aulizwe majina ya wenzake wawili, na ile dakika moja ya kimya ianze baada ya majina hayo kusikika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne